Shahada ya Uongozi wa Huduma ya Jamii: Kwashemshi Inahitaji Msomi wa Namna Gani?

Kwashemshi ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara, nchi ya mkonge na vishamba vya mahindi na mihogo. Ukivuka Mto Pangani unaingia Handeni. Kanisa katika kata kama hii halina ofisi yenye makarani. Lina mwinjilisti au katekista, wazee wa kanisa wachache, kwaya, umoja wa akina mama, na mchungaji au padre anayefika kwa zamu kwa sababu ana mitaa mingine ya kuhudumia. Siku nyingi za mwaka anayebeba mzigo ni yule mwinjilisti. Yeye ndiye anayefundisha kipaimara, anayeitwa usiku mtu akizidiwa, anayekaa na wafiwa, anayesuluhisha ndugu wanaogombea mpaka wa shamba. Mara nyingi kazi hiyo anaifanya kwa posho ndogo au bila posho, na chakula cha nyumbani kwake kinatoka kwenye jembe lake mwenyewe.

Siku hizi vyuo vikuu vya makanisa Afrika Mashariki vinatoa masomo ya kiwango cha shahada yanayomlenga mtu wa namna hii: theolojia ikichanganywa na uongozi, maendeleo ya jamii na ushauri nasaha. Vijana wa Korogwe na Handeni wanauliza kama waombe nafasi. Wazazi wanauliza kama kuna ajira. Wazee wa kanisa wanauliza kama kijana wao atarudi. Maswali yote matatu ni ya haki, na yanapaswa kujibiwa pamoja. Jibu langu ni hili: shahada ya huduma ya jamii ina faida kubwa kwa kata kama Kwashemshi, ila faida hiyo hupatikana pale tu mwanafunzi anaposoma akiwa bado ameshikwa na jamii yake, na jamii hiyo ikiwa na sauti katika kumpeleka, kumlipia na kumpima. Akisomea mbali bila uzi wa kumrudisha, shahada hiyo hiyo huwa njia ya kuondokea.

Kazi yenyewe ikoje

Ili kujua elimu inayofaa, tuanze na kazi. Chukua mkutano mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa. Akina mama wameketi kwenye mikeka nyuma ya kanisa. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Hisa zinanunuliwa kwa sauti, kila mtu akisikia. Mfuko wa jamii unachangiwa. Inapofika zamu ya marejesho, mwanachama mmoja hana kitu kwa mwezi wa pili mfululizo, kwani mumewe amelazwa. Kimya kidogo, kisha mwenyekiti anamgeukia mwinjilisti: "Mwalimu, wewe unasemaje, tumsamehe riba au tumdai?"

Jibu la swali hilo linagusa mambo mengi kwa mpigo. Linagusa Maandiko yanavyosema kuhusu deni na maskini. Linagusa katiba ya kikundi, ambayo wanachama wenyewe waliitia saini. Linagusa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayoviweka vikundi vya namna hii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Linagusa hesabu, kwa sababu riba isiyolipwa leo ni gawio litakalopungua mwisho wa mzunguko. Linagusa pia siri ya nyumba ya watu, kwani huenda mwinjilisti anajua jambo kuhusu ugonjwa wa yule mume ambalo kikundi hakipaswi kulisikia. Akijibu kwa moyo mwema tu, anaweza kukiua kikundi. Akijibu kwa sheria tu, anaweza kumvunja mama wa watu.

Mambo mengine yako hivyo hivyo. Ndoa ya kanisani inafungwa pia mbele ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, yenye tangazo la siku 21 na masharti yake. Kiongozi anayepokea maombi ya ndoa ya binti mdogo anahitaji kujua kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Mgogoro wa mpaka unagusa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtoto anayepigwa nyumbani analindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mwinjilisti ndiye wa kwanza kuona makovu yake katika darasa la Jumapili. Hakuna anayemtaka awe wakili. Anatakiwa ajue mahali ambapo ushauri wake unakoma, na ofisi gani inafuata.

Mizizi iko hapa hapa

Watu husema elimu ya juu ya theolojia ni mambo ya Arusha, Dodoma na Nairobi. Historia ya Tanga inasema vingine. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika Magila, karibu na Muheza, mwaka 1868. Wajerumani wa Betheli walianza kazi Tanga mwaka 1890 na mwaka uliofuata wakapanda Mlalo, milimani Usambara. Pande zote mbili ziligundua mapema kwamba mgeni peke yake hawezi kulieneza neno vijijini. Walimu wenyeji ndio waliofungua shule za miti na udongo, waliofundisha kusoma, waliowaandaa watu kwa ubatizo. Kwa upande wa UMCA, Cecil Majaliwa alipewa upadre Zanzibar mwaka 1890, na baadaye Hegongo, pale Magila, pakawa mahali pa kuwaandaa makasisi.

Vita viliwapima walimu hao. Vita vya kwanza vya dunia vilipoingia Tanganyika, wamisionari wa mataifa yaliyokuwa yakipigana walikamatwa au kuondolewa, kila upande kwa zamu yake. Padre Samwil Sehoza wa Magila alikamatwa pia na Wajerumani, na mwaka 1921 kitabu chake kuhusu kifungo hicho, Mwaka katika Minyororo, kilichapishwa. Sharika hazikufa. Zilishikwa na walimu na wazee ambao hawakuwa na cheti chochote cha chuo kikuu. Hilo ni jambo la kulikumbuka tunapojadili shahada: uongozi wa kanisa katika nchi hii ulithibitika kwanza mikononi mwa watu waliofundishwa kazini, katikati ya watu wao.

Baada ya vita vya pili, Walutheri waliona kwamba mafunzo mafupi hayatoshi tena. Mwaka 1947 masomo ya theolojia yalianza Lwandai, Mlalo, huko huko Usambara. Mwaka 1954 kazi hiyo ikahamia Makumira karibu na Arusha, mahali palipokuja kuwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Kwa maneno mengine, kimojawapo cha vyuo vikuu vya kanisa vinavyojulikana zaidi nchini kilichipukia mkoani Tanga. Kikakua, kikaondoka, na tangu hapo kijana wa Korogwe amekuwa akikifuata mbali.

Huduma ya jamii nayo si jambo jipya lililoletwa na wafadhili juzi. Lutindi, milimani katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, makao yaliyoanzishwa mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani yaligeuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako kazi za mikono ni sehemu ya tiba. Kwamkono, Handeni, masista wa Kianglikana waliwalea watoto waliopooza kwa polio. Kazi ya Magila ilizaa hospitali ambayo leo ni Hospitali Teule ya Muheza. Anayetaka kufundisha huduma ya jamii ya Kikristo katika mkoa huu hana haja ya kuagiza mifano. Inamzunguka.

Mkonge nao ulifanya sharika kuwa za namna yake. Zao hilo lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka ule ule ujenzi wa reli ya Tanga ulipoanza, na mashamba yakafuata reli kuelekea Korogwe. Manamba, vibarua wa mkataba, wakaja kutoka Kigoma, Iringa, Songea, Msumbiji na Burundi. Uzalishaji wa nchi ulifika kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000, kisha ukaporomoka. Wengi wa wale waliokuja walibaki, wao na wajukuu wao. Kwa hiyo kwenye benchi moja la kanisa wanaweza kukaa Msambaa, Mzigua, Mbondei, Muha na Mmakonde, kila mmoja na desturi yake ya kuzika na kurithi. Kiongozi asiyejua historia hiyo hawezi kuelewa kwa nini ugomvi wa kiti cha uzee wa kanisa unachukua miaka mitatu.

Shahada hii inafundisha nini

Shahada ya kawaida ya theolojia, ile inayomwandaa mchungaji, inashika Maandiko, historia ya kanisa, mafundisho ya imani, lugha za Kiebrania na Kigiriki, na mahubiri. Shahada ya maendeleo ya jamii inashika upangaji wa miradi, utafiti, jinsia, sera na usimamizi wa fedha. Tengeru, karibu na Arusha, imewaandaa maofisa maendeleo kwa miongo mingi. Masomo ya uongozi wa huduma ya jamii yanasimama kati ya hizo mbili: yanamtaka mwanafunzi asome Amosi na pia asome bajeti ya kata.

Nairobi kuna mfano mzuri. Katika chuo cha Tangaza, kilichoanzishwa na mashirika ya kitawa mwaka 1986, Padre Francesco Pierli wa Wakomboni aliongoza uanzishaji wa taasisi ya huduma ya kijamii mwaka 1994. Wazo lake lilikuwa kwamba kanisa linalofanya kazi kwenye vitongoji vya maskini linahitaji watu waliosomea imani na jamii kwa pamoja, wakiwemo walei. Daystar, pia Nairobi, imechanganya imani, mawasiliano na maendeleo ya jamii kwa muda mrefu. Kwetu, Chuo Kikuu cha Iringa kimefundisha theolojia na maendeleo ya jamii chini ya paa moja, na Chuo Kikuu cha St. John's Dodoma, cha Kanisa Anglikana, kilichoanza mwaka 2007, kina theolojia pamoja na ualimu na fani nyingine.

Msukumo wa fikra hii haukutoka vyuoni tu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, akihutubia masista wa Maryknoll huko New York, aliliambia kanisa kwamba lisiposhiriki katika mapambano dhidi ya hali zinazowafanya watu kuwa maskini, litajikuta halina maana kwao. Miaka michache baadaye maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa njia kuu ya kichungaji, na KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nalo limezizoea jumuiya kama ngazi ya chini kabisa ya usharika. Mwaka 1992 makanisa yakatiliana saini na serikali makubaliano kuhusu huduma za afya na elimu, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Tangu hapo kanisa ni mbia wa serikali hadi kwenye zahanati. Ubia unataka watu wanaojua kuandika taarifa, kusoma mkataba na kuulizana hesabu.

Mtaala mzuri wa shahada hii basi una nguzo nne: Maandiko na imani, maarifa ya jamii na sheria, uongozi na fedha, na mafunzo kwa vitendo. Nguzo ya nne ndiyo inayopuuzwa. Chuo kinaweza kuyafanya mazoezi kuwa wiki chache za mwisho wa mwaka, na mwanafunzi akaandika taarifa ambayo usharika hauisomi kamwe. Hapo ndipo masomo ya huduma yanapobaki masomo juu ya huduma.

Mlango na saa zake

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka milango inayojulikana. Aliyemaliza kidato cha sita anahitaji ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Mwenye stashahada anahitaji GPA isiyopungua 3.0. Asiye na hivyo viwili anaweza kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, au utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata nje ya darasa, ambao una mitihani yake. Mlango huu wa mwisho ni wa thamani kwa katekista wa makamo aliyeishia kidato cha nne lakini ameongoza watu kwa miaka mingi, na wengi wa aina yake hawajausikia.

Tuupime mzigo wenyewe. Shahada ya miaka mitatu inahitaji angalau krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kusoma, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 3,600. Ukizigawa kwa miaka mitatu, ni saa 1,200 kwa mwaka. Katika majuma 40 ya masomo, ni saa 30 kila juma. Mkulima mwenye familia na usharika hawezi saa 30. Ukizitandaza kwa miaka sita, zinashuka hadi saa 15 kwa juma: saa mbili kila jioni na Jumamosi asubuhi. Hilo mtu mwenye nia analiweza, kama chuo kitamruhusu.

Kalenda nayo ina mgogoro na shamba. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vyetu huanza karibu na Oktoba au Novemba, mvua za vuli zinaponyesha na watu wako kwenye kupanda. Masika, kuanzia Machi, yanakuta muhula wa pili katikati. Anayesomea mbali anaiacha familia yake na jembe bila mkono mmoja katika misimu yote miwili. Chuo kinachowataka viongozi wa vijijini kingeweka majuma ya ana kwa ana Januari na Julai. Badiliko hilo halipunguzi hata ukurasa mmoja wa mtaala.

Kumpeleka au kumfuata

Njia ya kwanza ni kumpeleka mwanafunzi bwenini. Faida zake ni za kweli: maktaba, walimu wa karibu, sala za pamoja, urafiki na wanafunzi wa mikoa na madhehebu mengine. Kijana asiye na familia hukomaa sana huko. Hasara zake ni fedha na umbali. Ada, chakula, malazi na nauli ni mzigo ambao sadaka za mtaa mmoja haziuwezi, na kwa miaka mingi kipaumbele cha Bodi ya Mikopo kimekuwa kwenye fani kama afya, uhandisi na ualimu wa sayansi. Wengi hutegemea mfadhili wa nje. Mfadhili akichoka mwaka wa pili, mwanafunzi hurudi nyumbani na nusu ya shahada, na nusu ya shahada haina mahali pa kuipeleka.

Njia ya pili ni kumfuata mwanafunzi aliko. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri wa Guatemala iliona kwamba inawafundisha vijana wasiorudi vijijini, huku viongozi halisi wa sharika wakiwa watu wazima wenye mashamba na watoto. Walimu wakaandaa vitabu vya kujisomea na kuwafuata wanafunzi kwenye vituo, wakikutana nao kila juma. Mtindo huo ulienea duniani, na kwetu tunaujua kama theolojia kwa enezi. Mwanafunzi anasoma sura nyumbani, anajibu maswali kwenye daftari la kazi, kisha kikundi kinakutana na mkufunzi kujadili yaliyowakuta katika huduma juma lile. Kisa cha yule mama aliyekwama na mkopo kinaingia darasani kabla hakijapoa.

Lakini enezi ina udhaifu wake, na wanaoipenda wanapaswa kuusema. Vitabu vingi vya enezi viliandikwa kwa ngazi ya cheti. Mkufunzi akihamishwa, kituo hufa. Mwanafunzi asiye na maktaba huzoea kuamini kitabu kimoja. Tena kuna vyuo vya Biblia vinavyoahidi shahada bila kutambuliwa na mamlaka yoyote, na mtu hugundua amepoteza fedha siku anapotaka kuendelea na uzamili. Ushauri ni mwepesi: kabla ya kulipa hata shilingi, ulizia TCU kwa ngazi ya shahada na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa cheti na stashahada, na uone jina la kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kutambuliwa na kozi yake fulani isitambuliwe.

Njia inayofaa Kwashemshi ni ngazi inayounganisha mbili hizi. Mtu aanze na cheti kwa enezi, kwa Kiswahili, akiwa kazini. Atakayefaulu na kuonekana ana karama apande stashahada kwa mchanganyiko wa enezi na majuma ya chuoni. Wachache wapande hadi shahada, na sehemu kubwa ya mafunzo kwa vitendo ifanyike katika kata yao. Kila ngazi iwe kitu kamili, ili anayeishia cheti aondoke na kitu mkononi badala ya jina la aliyeshindwa.

Lugha, wanawake, na jirani

Masomo ya shahada yanatolewa kwa Kiingereza. Huduma inafanyika kwa Kiswahili, na kwa wazee wa milimani na wa Handeni, kwa Kisambaa na Kizigua. Mwanafunzi anayejifunza ushauri nasaha kwa Kiingereza pekee hujikuta hana maneno mbele ya mjane. Chuo makini kingemtaka kila mwanafunzi awasilishe kazi yake ya utafiti mara mbili: kwa wahadhiri kwa Kiingereza, na kwa baraza la wazee wa usharika kwa Kiswahili. Wazee waulize maswali, na maswali yao yawe na alama.

Wanawake ndio wengi kwenye mabenchi, kwenye vikundi vya mikopo na kwenye kuuguza wagonjwa. KKKT iliamua mwaka 1990 kuwaweka wanawake wakfu kuwa wachungaji. Waanglikana wameliacha kila dayosisi iamue. Wakatoliki wana masista na makatekista wanawake. Tofauti hizo za kimafundisho zitaendelea kujadiliwa. Lakini shahada ya uongozi wa huduma ya jamii si lazima imwongoze mtu kwenye madhabahu, kwa hiyo hakuna dhehebu lenye sababu ya kuwafungia wanawake mlango wake. Kinachowafungia ni bweni lisilo na nafasi ya mtoto mchanga, na baraza la usharika linalopeleka jina la kijana wa kiume bila kufikiri mara mbili.

Halafu kuna jirani. Korogwe na Handeni ni nchi ya Waislamu na Wakristo walioishi pamoja kwa vizazi, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Msiba ukitokea, matanga ni ya wote. Sufuria za msikitini na za kanisani hukutana kwenye mafiga yale yale. Kikundi cha kuweka na kukopa kina Mama Asha na Mama Yohana. Kiongozi anayesomea huduma ya jamii bila kusoma Uislamu kwa heshima na kwa kina amesomea nusu ya jamii yake. Mradi wa mahusiano ya Wakristo na Waislamu barani Afrika, PROCMURA, umekuwepo tangu 1959. Kwa mkoa wa Tanga, somo hilo liwe la lazima.

Cheti na tabia

Nchi jirani zimeanza kulihoji suala la elimu ya viongozi wa dini. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliwataka viongozi wa kisheria wa madhehebu wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, na ikatoa miaka 5 ya kujiandaa. Kenya ilishtuka mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Pwani nzima ilijiuliza ni nani anayempima mhubiri.

Elimu ni sehemu ya jibu. Aliyejifunza kusoma Maandiko katika muktadha wake, na aliyezoea kuulizwa maswali na walimu na wenzake, ana kinga dhidi ya sauti ya mtu mmoja anayedai kusikia peke yake. Lakini karatasi haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Kinachomlinda muumini ni kiongozi aliyezoea kuhojiwa, na desturi hiyo inaanzia kwenye usharika wenye wazee wanaouliza hesabu na kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Sheria inayodai shahada bila kuujenga uwazi huo itawaumiza wainjilisti maskini wa vijijini, ambao hawana shahada lakini wanahojiwa kila siku, na itawaacha salama matapeli wenye fedha ya kununua vyeti.

La kufanya

Dayosisi na parokia zinazohudumia Korogwe na Handeni zinaweza kuanza bila kusubiri mfadhili mkubwa. Kwanza, kila usharika uorodheshe watu wake wanaoongoza tayari, wanawake kwa wanaume, pamoja na elimu waliyonayo, ili anayepelekwa awe yule anayetumika, si yule mwenye mjomba ofisini. Pili, kuwe na mkataba wa maandishi kati ya mwanafunzi, usharika na dayosisi: nani analipa nini, mwanafunzi anaendelea na huduma ipi, na akimaliza anahudumu wapi kwa miaka mingapi, kwa posho gani. Mkataba unaomdai msomi arudi bila kumwahidi riziki ni dhuluma, na atauvunja. Tatu, makanisa ya eneo moja, Walutheri, Waanglikana, Wakatoliki na Wapentekoste, yashirikiane katika kituo kimoja cha kujisomea chenye vitabu, intaneti na mkufunzi. Sheria ya Ndoa ni ile ile kwa wote, na hesabu za kikundi hazina dhehebu.

Nne, na hili ndilo ninalolisisitiza, vyuo vibadilishe namna ya kumpima mwanafunzi. Pamoja na mitihani, viende Kwashemshi viulize. Kikundi kimesajiliwa? Ndoa zinatangazwa kwa siku zinazotakiwa? Wagonjwa wa akili wanapelekwa hospitali au wamefungwa kamba nyumbani? Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mbele ya waumini? Majibu ya wanakijiji yahesabiwe katika alama za mwisho.

Gharama ya utaratibu huu ni ndogo kuliko gharama ya bweni. Kinachohitajika zaidi ni uamuzi wa maaskofu, wakuu wa vyuo na wazee wa kanisa kukubali kwamba mwalimu wa kwanza wa huduma ya jamii ni jamii yenyewe. Mkoa uliouanzisha mwendo huu Lwandai mwaka 1947 unastahili kudai elimu hiyo irudi karibu, na mkutano mkuu ujao wa kila dayosisi ndio mahali pa kuidai.